Panya yule yule, vipimo viwili tofauti vya moyo

MwanafunziTudor:
Shikamooni wakubwa zangu. Ninapima moyo wa panya wadogo wa maabara kwa ultrasaundi. Juzi panya mmoja, ambaye hajaguswa na dawa yoyote ya majaribio, alionyesha kuwa ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, inasukuma asilimia 62 ya damu yake kwa kila pigo. Nilipompima tena baada ya nusu saa, nikapata 44. Mashine ni ile ile na mkono ni ule ule. Kosa liko wapi?

BintiKisauni:
Ndugu yangu, kabla hujailaumu mashine, tazama idadi ya mapigo iliyoandikwa kwenye picha zote mbili. Moyo wa panya aliye macho hupiga mara 500 na zaidi kwa dakika, na ukimlaza kwa dawa za usingizi za ketamini na zailazini unaweza kushuka chini ya 300, na kipimo chako hushuka nao, ndiyo maana wengi wetu tunapendelea isofulureni kidogo, dawa ya usingizi ya kuvuta.

Pia pima joto lake, kwani baridi nayo hupunguza mapigo. Nje jua letu linaunguza, lakini chumba cha mashine kina kiyoyozi, na mimi nilikuwa nikimwaga jeli ya baridi juu ya kifua kilichokwisha kutolewa manyoya. Siku nilipomtia kipimajoto nilisoma nyuzi 33, ilhali anatakiwa awe karibu na 37. Tangu hapo chupa ya jeli hukaa kwenye maji ya vuguvugu, na panya hulala juu ya kibao chenye joto.

MkongweNyali:
Naongezea, mwanangu. Ukikata picha kwa upana, hakikisha unaziona nyama mbili zinazoshikilia vali, na uzirudie hizo hizo kila mara, kwani kichwa cha mashine kikiinama kidogo tu kipenyo hubadilika. Fomula ya Teichholz hukisia ujazo wote kutokana na kipenyo kimoja. Kwa panya ambaye sehemu ya ukuta wa moyo wake imekufa, fomula hiyo itakudanganya, kwa hiyo huyo mpime kwa picha ya urefu. Na anayesoma picha asijue panya yupi amepewa dawa. Hili silegezi hata kidogo.

MwanafunziTudor:
Nashukuru sana. Nimefungua picha zote mbili sasa hivi: ya kwanza ina mapigo 480, ya pili 310. Kesho nitampima upya nikiwa na kipimajoto.