MREJESHO: Kazi ya zamu na mtoto wa kulea kwa muda

Hamjambo wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza kama mtu wa kazi ya zamu anaweza kukubaliwa kuwa mlezi wa mtoto asiye wake. Nimekubaliwa! Msichana wa gredi ya kwanza yuko kwangu hapa Free Area, Nakuru.

Kazi haikuwa kikwazo. Kubwa alilotaka kujua afisa wa watoto ni hili: nikiingia zamu ya usiku, mtoto anabaki na nani? Alimhoji dadangu kwake nyumbani, akatazama kitanda, akauliza hata ufunguo hukaa kwa nani. Panga hilo kabla ya kujaza fomu.

Ile likizo ya mwezi mmoja yenye malipo kamili mliyonitajia iliingizwa katika Sheria ya Ajira mwaka 2021 kwa wanaoasili mtoto, yaani wanaomchukua awe wao kisheria. Mimi namlea kwa muda, kwa hivyo nilitumia sehemu ya siku zangu 21 za mwaka.

Kigumu ni asubuhi. "Aunty, utarudi?" Sasa namwonyesha kwenye saa ya ukutani mahali mshale mfupi utakapofika nikirudi nyumbani. Matatu ikichelewa, napiga simu nizungumze naye mwenyewe. Mtoto huyu ameshaachwa, siwezi kubahatisha.

Nyanyake anaendelea kupata nafuu na huenda akamchukua. Nafurahi kwa dhati, ingawa nitalia. Mliowahi kumrudisha mtoto kwao, mlimwandaaje?