Nimeanza Kifaransa mara tatu na nimeacha mara tatu: je, tatizo ni mimi au ni hesabu ya siku 21?

Karani wa Kibirizi (Kigoma) anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri kutoka kwa mtu aliyewahi kulifikisha mwisho jambo alilolianza. Nina umri wa miaka 34 na ni karani katika ghala la mfanyabiashara wa jumla hapa Kigoma, karibu na Kibirizi, ambako maboti ya mbao hupakia bidhaa za kwenda Burundi na Kongo. Kwa muda mrefu nimetamani kukijua Kifaransa, kwa sababu karatasi nyingi tunazoletewa na wateja wa ng'ambo ya ziwa zimeandikwa kwa lugha hiyo, na kila zinapofika hulazimika kumwita kijana wa ghala la jirani aje anisomee, jambo ambalo hunitia aibu mbele ya mwajiri wangu.

Mara ya kwanza nilinunua daftari kubwa, nikawa naandika maneno 40 kwa siku na kuyasoma kwa sauti usiku mpaka usingizi unishinde. Nilidumu siku tisa. Mara ya pili nilitumia programu ya simu kwa wiki tano bila kukosa, kisha nikaenda Kasulu kumzika shangazi yangu, na niliporudi nikakuta hesabu ya siku zangu mfululizo imerudi sifuri. Sikuifungua tena. Mara ya tatu ilikuwa Januari mwaka huu, na sitaki hata kuieleza.

Nimesikia mara nyingi kwamba ukilirudia jambo kwa siku 21 linakuwa tabia. Mimi nilizipita siku hizo, na tabia sikuiona. Je, kasoro iko kwangu au iko katika hesabu yenyewe? Tafadhali msinijibu kwa haba na haba hujaza kibaba. Nimeshaambiwa, na kibaba changu bado ni kitupu.

Mwalimu Mstaafu (Tabora) anajibu:

Kasoro iko katika hesabu, mwanangu. Chanzo chake kinachotajwa zaidi ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya baada ya kufanyiwa upasuaji. Neno "angalau" lilidondoka njiani, na kuizoea pua mpya kukageuzwa kuwa kuzoea kila kitu duniani. Utafiti ulioliangalia suala lenyewe ulichapishwa mwaka 2010 na Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amejichagulia jambo dogo la kufanya kila siku katika mazingira yaleyale, kwa mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Makadirio ya kati yalikuwa siku 66, lakini mtu na mtu walitofautiana mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Na hili lisome mara mbili kwa sababu ya safari yako ya Kasulu: waliona kwamba kuikosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana katika ujenzi wa tabia. Sifuri uliyoiona ilikuwa ndani ya simu. Kichwani mwako hapakufutika kitu.

Hata hivyo, tabia kazi yake ni kukukalisha mezani tu. Kujifunza ni jambo jingine, na hapo ndipo naona ulipojichosha bure. Nimefundisha kwa miaka mingi, na kila msimu wa mitihani niliwaona wanafunzi wamekaa chini ya miembe wakiyasoma madaftari yaleyale kwa sauti, wakitoka hapo na uhakika mkubwa kuliko ujuzi. Anayesoma mara ya kumi huiona kurasa kuwa rafiki, akadhani kuitambua ndiko kuikumbuka. Hakika utayatambua maneno yako 40, maana yako mbele ya macho. Ufunike upande wa Kiswahili kwa kiganja, ujiulize, ukwame kidogo, ndipo ufunue. Kule kukwama ndiko mazoezi yenyewe, na ndiko ambako wengi wetu tunakukwepa kwa sababu kunaudhi.

Jambo la pili ni nafasi kati ya marudio. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuyachapisha matokeo mwaka 1885, aligundua kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimsaidia sawasawa na marudio 68 aliyoyarundika katika siku moja. Kwa hiyo chukua maneno manane, si 40. Neno ulilolikosa lirudie kesho. Ulilolipata liache mpaka siku ya tatu, na ukilipata tena, mpaka wiki ijayo. Daftari lako la zamani linatosha, usinunue jingine.

Mama wa Mawese (Ujiji) anajibu:

Mwalimu, shikamoo. Mdogo wangu Karani, mimi nitauliza swali ambalo hujaulizwa: hicho Kifaransa ni cha kufanyia nini hasa? Warundi wanaokuja sokoni tunazungumza nao Kiha, wao wanajibu Kirundi, na tunaelewana mpaka kwenye kupunguziana bei. Watu wa Kalemie wanakuja na Kiswahili chao cha Kongo. Sijawahi kukosa kuuza dumu la mawese kwa kukosa Kifaransa. Wewe mwenyewe umesema tatizo ni karatasi, lakini nina shaka kwamba programu yako ilikufundisha kuagiza kahawa na kuuliza njia ya kwenda stesheni. Mtu hupata kile anachokirudia. Zirudie karatasi.

Kuhusu kukosa siku, waangalie wavuvi wetu wa dagaa. Mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo maboti hupumzishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na giza likirudi wanaingia ziwani. Hujasikia mtu akisema fulani ameacha uvuvi kwa sababu ya mbalamwezi. Msiba nao ni mbalamwezi yako.

Mimi nilijifunza kuweka hesabu za duka nikiwa na umri mkubwa kuliko wako, na kilichonisaidia ni kuifunga kazi hiyo kwenye jambo ambalo lazima nilifanye: nikishateremsha mlango wa duka, sitoi ufunguo kwenye kufuli mpaka nimeandika mauzo ya siku. Tafuta kufuli lako.

Wakala wa Mizigo (Kigoma) anajibu:

Namuunga mkono Mama. Kaka, katika karatasi za mizigo maneno yanayojirudia si mengi. Ukiyashika kama hamsini hivi utakuwa humwiti tena kijana wa jirani. Anza na haya: *facture* ni ankara, *expéditeur* ni anayetuma, *destinataire* ni anayepokea, *colis* ni vifurushi au mizigo, *poids brut* ni uzito pamoja na vifungashio, *poids net* ni uzito wa bidhaa peke yake, na *montant* ni kiasi cha fedha.

Tahadhari moja kuhusu namba, kwa kuwa najua programu nyingi hufundisha Kifaransa cha Ufaransa. Huko 70 ni *soixante-dix*, yaani sitini na kumi, na 90 ni *quatre-vingt-dix*, yaani ishirini mara nne na kumi. Wateja wetu wa Burundi na Kongo wanafuata desturi ya Kibelgiji: watakuambia *septante* na *nonante*. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwahi kusomewa kwenye simu magunia *nonante*, nikasikia *neuf*, nikaandika 9 badala ya 90. Boti lilikuwa limeshafunga kamba wakati kosa linagunduliwa, na sitasahau macho ya nahodha.

Karani wa Kibirizi anarudi:

Mwalimu shikamoo, na wengine wote nawashukuru. Jana jioni, baada ya kufunga ghala, nilibaki kwenye meza na ankara moja ya zamani. Niliandika maneno manane, nikafunika upande wa Kiswahili kama nilivyoelekezwa, na nikapata matatu tu. Nakiri kwamba iliniudhi, kwa sababu dakika tano kabla nilikuwa nimeyasoma yote na kuona nayajua. Leo asubuhi, kabla ya kufungua mlango, nilijaribu tena na nikapata matano. *Expéditeur* na *destinataire* bado zinabadilishana nafasi kichwani, na moja sikulikumbuka hata kidogo.

Ndugu Wakala, kwenye karatasi hiyohiyo kuna muhuri wenye neno *dédouané*. Je, maana yake ni kwamba mzigo umeshakamilisha taratibu za forodha?

Wakala wa Mizigo anajibu:

Ndiyo, umeshatoka forodhani. Liingize katika manane ya kesho, mahali pa lile usilolikumbuka, na hilo lipeleke keshokutwa.

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Hapana, Wakala. Lile lililokosekana ndilo la kesho. *Dédouané* ndilo lisubiri.