Tupeane uzoefu: mzee alifia mjini, mliamuaje azikwe wapi?

Habari zenu wadau. Hili nimekaa nalo moyoni miaka 3, leo naomba tuliongee.

Baba aliishi Dar zaidi ya miaka 40. Mara mbili aliniambia, mama akiwepo: "Mkinizika Kinondoni inatosha, msijitie madeni." Alipofariki nilikaa na daftari nikapiga hesabu: jeneza, gari la kubeba mwili, mabasi ya waombolezaji mpaka kwetu Rombo, Kilimanjaro, chakula. Hela haikuwepo. Mimi ndiye mkubwa, nikasema Kinondoni. Wadogo zangu wakaafiki.

Usiku ule shangazi akaingia kutoka nyumbani. Hakubishana na mtu. Alifungua fundo la khanga, akatoa jani la isale, akaliweka juu ya daftari langu. Wachagga wenzangu mnajua: ukiletewa isale hukatai, hata kama aliyeileta amekukosea vibaya sana. Akasema, "Mwanangu, babu yako yuko migombani peke yake, anamsubiri." Nikafunga daftari.

Baba yupo kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Mkopo nimeumaliza Februari hii. Hadi leo sijui kama nilimtii shangazi au nilimwasi baba. Nyie iliwakutaje?

Binti Unguja: Pole sana kaka. Sisi hata muda wa kuamua hatukuupata. Baba alifariki Muscat alfajiri, adhuhuri tukapigiwa simu kwamba ameshaswaliwa na kuzikwa hukohuko. Dini inataka maiti asicheleweshwe, hakuna aliyepinga, khitma tukaisoma nyumbani. Ila mama alimwomba kaka picha ya kaburi miezi na miezi. Ilipofika aliitazama kwa muda mrefu, akauliza tu, "Mbona mawe matupu?"

Jamaa wa Siaya: Pole ndugu. Huku kwetu ilifika mpaka kortini. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika shambani kwao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ukasema ni kijijini kwao Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi 5 hivi, hadi Mahakama ya Rufaa ikawapa ukoo ushindi, akazikwa Mei 1987. Wazee wetu wanaizungumzia kesi hiyo kama ya jana. Mzee wangu ana nyumba nzuri Kitengela, sote tumelelewa hapo. Mwaka jana akaweka mabati mapya kwa nyumba ya kijijini ambayo hakuna anayelala ndani. Nilipomuuliza sababu, akanijibu, "Siku yangu ikifika mwili utalala wapi usiku wa kwanza, nje?" Nikanyamaza, nikamshikia ngazi.

Mama Wawili, Mbeya: Kaka, umesema baba aliyasema hayo mama akiwepo. Usiku ule wa isale, mama alisema nini?

Mwenye mada: Hakusema kitu, dada. Nilipoingia chumbani kumweleza, nilikuta begi lake limeshafungwa tangu mchana, na sweta la baridi ya Rombo liko juu yake.