RX-8 yangu ikishapata moto haiwaki tena, nisaidieni

Kijana_Katuba
Habari zenu wakubwa. Nina Mazda RX-8 ya 2005, gia za mkono, niko Lubumbashi. Asubuhi inawaka mara moja. Nikishatembea nayo, nikaizima hata kwa kununua mkate, basi. Demareri, mota ya kuwashia, inazunguka tu. Nangoja saa nzima ipoe ndipo inakubali. Nimebadilisha batri, buji (plagi) zote nne, demareri yenyewe, pampu ya esansi (petroli). Fundi akarekebisha na valvu. Wapi! Haraka tafadhali, Jumamosi nina kazi nayo.

Mama_Nono
Mwanangu, gari ambalo milango ya nyuma inafungukia kinyume ulitafuta nini humo? Marehemu baba watoto alikuwa na Peugeot 504. Ilikwenda Kolwezi na kurudi na magunia ya unga juu, hatukuwahi kusikia neno buji nyumbani. Uza, nunua IST, oa.

Fundi_wa_Kenya
Kuwaka baridi na kukataa moto, kwa injini ya rota kama hiyo, inayozungusha rota badala ya pistoni, kwanza nashuku kompresio, yaani mgandamizo wa hewa ndani. Koili za cheche pia huchoka, ziko nne, lakini hizo zingekutetemesha hata barabarani. Usikubali kupimwa kwa geji ya kawaida. Rota moja ina nyuso tatu, na geji hiyo inashika uso wenye nguvu tu, uliokufa unajificha. Kila uso utoe karibu kilo 7 kwa sentimita ya mraba, injini ikizungushwa mara 250 kwa dakika. Sisi tuko juu, mita 1,200 hivi, kwa hiyo kipimo kitashuka kidogo, usizimie.

Bahati_Goma
Kumbe Kenya mna RX-8 nyingi?

Fundi_wa_Kenya
Komini ya Kenya, kaka, hapa Lubumbashi. Kila siku naeleza hili. Kijana, inakula mafuta ya injini kiasi gani?

Kijana_Katuba
Haili kabisa, yaya. Tangu Machi haijapungua hata tone.

Fundi_wa_Kenya
Hapo ndipo umenitisha. Injini hiyo imeundwa ile mafuta. Kuna pampu ndogo inayoyadondosha ndani, yalainishe sili za kona za rota, kisha yaungue. Isiyokula ina jambo. Ulifanya nini Machi?

Kijana_Katuba
Hakuna kikubwa.

Fundi_wa_Kenya
Kijana.

Kijana_Katuba
Ilikuwa inakunywa karibu lita kila kilomita 1,500, fundi akasema ni ugonjwa. Akaziba vile vimirija vya mafuta vya juu. Ikapona! Nikaenda nayo Likasi na kurudi, mbio nzuri. Tatizo lilianza wiki moja baadaye, sidhani vinahusiana.

Rota_Mbili
Mwaka 1991 Mazda walishinda mbio za Le Mans kwa injini ya rota nne, saa 24 bila kulala. Huyu ameiua kwa safari ya Likasi 😭

Fundi_wa_Kenya
Anayeziba vile lazima achanganye mafuta ya tutaimu, kama ya pikipiki za zamani, kwenye esansi. Ulichanganya?

Kijana_Katuba
Sikuambiwa. Lakini msiniseme, suluhisho lipo. Tunaweka injini ya Toyota Altezza, ya pistoni, haina mambo mengi. Nimeshatoa dola 600. Nilitaka kujua tu kama inaweza kutembea hadi Jumamosi.

Bahati_Goma
Yaani uliuliza ugonjwa na jeneza umeshanunua.

Mzee_Lufira
Subirini kwanza. Nimerudi juu kusoma. Ameandika "fundi akarekebisha na valvu". Injini ya RX-8 haina valvu hata moja! Esansi inaingia na moshi unatoka kwa matundu ambayo rota yenyewe inayafunika na kuyafunua. Huyu hana gari. Ametunga, na ninyi mnampa masomo ya bure.

Rota_Mbili
Weee. Kweli.

Mama_Nono
Na mimi nimemtaja marehemu kwa ajili ya hadithi?

Kijana_Katuba
Mama, naapa. Faktire iko hapa mbele yangu, nanakili: "Kurekebisha valvu 16, dola 80."

Rota_Mbili
KUMI NA SITA 😂😂

Mzee_Lufira
Basi naomba radhi, kijana. Wewe si mwongo. Umelipia hewa.

Fundi_wa_Kenya
Na huyo wa valvu ndiye mwenye zile 600 za Altezza?

Kijana_Katuba
Ni fundi mzuri, yaya. Magari ya Toyota anayajua sana.

Fundi_wa_Kenya
Dai pesa zako leo. Afungue vile vimirija, mpime kompresio, ndipo mzungumze injini.

Kijana_Katuba
Siwezi kumdai wiki hii.

Mama_Nono
Kwa nini?

Kijana_Katuba
Ni shemeji, ameoa dada yangu. Na Jumamosi ni harusi ya mdogo wake. Mimi ndiye nambeba bibi harusi.

Fundi_wa_Kenya
Basi changanya mafuta kwenye esansi, na usiizime kanisani mpaka ashuke ukumbini.