SDR inakatika kwenye USB: kebo fupi, habu yenye adapta au kadi ya PCIe?

wimbi_refu
Wakuu, bodi ya SDR (redio inayoendeshwa na programu) ya USB 2.0 inakatika katikati ya kurekodi, sampuli milioni 10 kwa sekunde. Iko poti ya mbele ya kompyuta (Linux), kebo ya mita 2, na LNA (kikuza mawimbi hafifu ya antena) inalishwa kwa bias tee, yaani umeme wa bodi unaopitia kebo ya antena. Nianze na kipi: kebo nene ya sentimita 50, habu yenye adapta ya 5 V 2 A, au kadi ya USB ya PCIe?

LehemuSafi
Usinunue kitu bado. Kukatika na kupoteza sampuli ni magonjwa mawili, na dawa zake ni tofauti. Fungua `sudo dmesg -w` (inaonyesha ujumbe wa kernel ya Linux papo hapo), anza kurekodi, tazama.

Ikitokea `USB disconnect` kisha bodi inasajiliwa upya, shuku umeme au mguso wa soketi. `error -71` mara nyingi ni data kuharibika njiani, yaani kebo au soketi. Ikirudi kama `full-speed`, imeshuka kutoka megabiti 480 hadi megabiti 12 kwa sekunde, na hapo kasi yako haipiti kabisa. dmesg ikiwa kimya huku programu inalalamika, angalia kompyuta na diski.

nusu_ohm
Mimi naanza na kebo bila kusita. Kebo nyembamba huwa na waya za umeme za AWG 28 (kipimo cha unene; namba kubwa ni waya mwembamba), takriban ohm 0.21 kwa mita. Mita 2 kwenda na kurudi ni mita 4, karibu ohm 0.85. Bodi ikivuta 0.5 A, volti 0.43 zinapotelea njiani: 5.0 inafika 4.57, na bado hujahesabu waya wa poti ya mbele ndani ya kasha. Sentimita 50 za AWG 24 zinapoteza kama 0.04 tu. Chomeka nyuma, moja kwa moja kwenye ubao mama.

Na zima bias tee wakati wa kujaribu. LNA inakula umeme uleule.

pima_kwanza
Habu ina nafasi yake, mkuu, ila pima kwanza. Weka multimita kwenye VBUS (waya wa 5 V wa USB) ya bodi *wakati inapokea*. Ikiwa imetulia inavuta kidogo, kipimo kitakudanganya. Ukiona 4.5 V kwenye bodi na 5.0 kwenye poti, ni kebo. Ikiwa poti yenyewe imeshuka chini ya 4.75, hapo ndipo habu inasaidia.

Kuna habu zinazorudisha umeme wa adapta kwenye kompyuta. Washa adapta, chomoa upande wa kompyuta, pima plagi hiyo: lazima isome 0 V. Ikisoma 5, iache. Pia usichomeke kamera wala diski kwenye habu hiyo. Baiti 2 kwa sampuli ni MB (megabaiti) 20 kwa sekunde, wakati USB 2.0 kwa kweli hubeba kama MB 40 tu.

wimbi_refu
dmesg inaonyesha -71, kisha disconnect. VBUS kwenye bodi 4.68, kwenye poti 5.02.

nusu_ohm
Kebo hiyo, ndugu. Kadi ya PCIe iondoe kwenye hesabu: inafaa `lsusb -t` (orodha ya vifaa vya USB na vidhibiti vyake) ikionyesha bodi inagombania kidhibiti kimoja na vifaa vizito. Bodi ya USB 2.0 haiongezi kasi kwa kuchomekwa USB 3.

LehemuSafi
Ukishabadilisha kebo, tikisa plagi polepole huku dmesg ikiwa wazi. Ikikatika kwa kuguswa tu, lehemu ya soketi imepasuka, hasa kwenye masikio ya micro-USB yanayobeba nguvu ya kuvutwa. Weka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika), yeyusha lehemu upya, kisha funga kebo kwenye kasha ili plagi isibebe uzito.

Kama sampuli bado zinapotea, rekodi kwenda `/dev/null`, ambako Linux hutupa data bila kuiandika diskini. Zikiacha kupotea, diski ndiyo haiendi na kasi.