Kageuza bei za matawi yote kwa kidole kimoja, halafu ananiuliza MIMI "umegusa nini?"

Wakuu, mods msiunganishe huu uzi na mwingine, nimevimba na naandikia stoo.

Ni bosi wangu, simtaji. Mnamjua. Yule yule wa koti la suti mwezi wa pili, Dar hii hii.

Matawi yetu ni Mbagala, Tegeta, Kimara na Gongo la Mboto, makao makuu Kariakoo. Kila tawi lina databesi yake. Nikazisajili zote kwenye kundi moja la Management Studio, ile programu ya kusimamia databesi za SQL Server, ukikaa Kariakoo unauliza swali moja, matawi yote yanajibu. Jamaa kaonja ripoti mara moja tu, kadai apewe sa, ile akaunti kuu isiyokatazwa kitu. Mwenye mali kasema mpe.

Leo kataka kupandisha sukari, Tegeta TU. Kafungua kundi zima. Mstari wa chini umegeuka pinki, ndio unakwambia uko kwenye seva nyingi, yeye kaona mapambo ya harusi. Kaandika UPDATE, amri ya kubadili data, bei 3,200, WHERE ya kusema bidhaa ipi hakuna, BEGIN TRAN ya kukuwezesha kughairi hakuna. F5, amri imeondoka.

Hapo hapo keshia wa Mbagala kanipigia, ananong'ona: "Kaka, mtungi wa gesi unasoma 3,200. Watu wamejaa. Niuze?" Kimara godoro 3,200. Gongo la Mboto friji 3,200 na kiberiti nacho 3,200. Hata keshia mwenyewe ukimskani angesoma 3,200.

Sasa sikilizeni. Nafika juu nahema, ofisi nzima imesimama, mwenye mali yupo, dada wa chai yupo na sinia lake. Jamaa kanigeukia taratiiibu, kanyoosha tai: "Kijana, umegusa nini?"

UMEGUSA NINI! Mimi! Nilikuwa nimeshika chapati!

Bei nimezirudisha kutoka bakapu ya usiku, hilo limekwisha. Lakini umegusa nini? Mbele ya dada wa chai?

Kigoda cha Mwisho: Uzi bila skrinshoti ya friji la 3,200 ni chai.

Mama Ntilie Mstaafu: Chai yenyewe haina sukari, imepanda bei Tegeta.

Panya wa Seva: Kwenye MySQL, databesi ya aina nyingine, kuna kitu kinaitwa safe-updates, kinakataa UPDATE isiyo na WHERE. Jina lake la pili ni --i-am-a-dummy, siwatanii. Walioitengeneza walishakutana na bosi wako.

Mjukuu wa Kinyozi: Mkuu, sa unampa mtu wa tai? Mwenye nyumba akisema mpe mtoto kiberiti, unampa? Hiyo chapati ndiyo uliyogusa.

Mleta uzi: Umesoma au umeruka? KANIULIZA NIMEGUSA NINI.

Mjukuu wa Kinyozi: Na hujajibu mpaka sasa.

Bitozi wa Buguruni: Si mngekuwa na replika tu, nakala ya databesi inayojisasisha kwenye seva nyingine?

Panya wa Seva: Replika inanakili na upuuzi, mkuu. Friji la 3,200 lingefika kule kabla hujameza chapati.

Shemeji wa Wote: Afadhali wenu. Wa kwetu kaamuru bandari 1433, mlango wa kuingilia SQL Server, iachwe wazi kwenye intaneti ili aone mauzo akiwa harusini Zanzibar. Wahuni wakaanza kubahatisha nywila ya sa usiku kucha, yeye anasema "mtandao leo mzito".

Kigoda cha Mwisho: Mzito ni baba mwenye nyumba wangu Tabata. Mita ya LUKU moja, vyumba sita, yeye ana jiko la umeme, na kila wiki anatuuliza nani anamaliza umeme.

Mama Ntilie Mstaafu: Wangu anapasi mashati ya kanisa zima.

Bitozi wa Buguruni: Tabata ipi? Chumba na sebule wanatoza ngapi?

Mleta uzi: Jamani, mwenzenu kaulizwa amegusa nini.

Kigoda cha Mwisho: Kimanga. Anataka kodi ya miezi sita, na choo mnachangia. Njoo PM.