Dawa ishasajiliwa, kwanini bima bado wanagoma kulipa?

Mwanafamasia: Wakuu naombeni shule. Niko kwenye timu inayoandaa jaribio la dawa ya wazee wanaosahau, msimamizi wetu kila siku anasisitiza tupange ushahidi wa bima mapema, mi najiuliza dawa ikishapita kwa mamlaka ya dawa si ndo basi? Wanataka nini tena jamani

Babu Takwimu: Hayo ni mageti mawili mkuu. Hata hapa Bongo TMDA (mamlaka ya dawa) kusajili dawa haimaanishi NHIF (bima ya afya ya taifa) watalipa. Kasome yaliyowakuta kampuni ya Biogen na Aduhelm, dawa yao ya Alzheimer (ugonjwa wa kusahau) kule Marekani. Machi 2019 majaribio yote mawili yalisimamishwa, yalionekana hayana dalili ya kufaulu, baadae wakachambua data upya wakasema moja lina matokeo mazuri, na Juni 2021 FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani) wakaipitisha kwa njia ya haraka kisa inapunguza amiloidi, yale mabonge ya protini kwenye ubongo. Bei ya kuanzia dola 56,000 kwa mwaka!! Medicare, bima ya serikali ya wazee kule, wakasema sawa amiloidi imepungua, ila mgonjwa mwenyewe ananufaika? Aprili 2022 wakaamua watalipia walioko ndani ya utafiti tu. Januari 2024 Biogen wakatangaza wanaachana nayo.

Mama Kliniki: Mnawatetea sana walipaji. Alzheimer haisubiri, mgonjwa wa hatua za mwanzo ukimwambia ngoja ushahidi miaka 3 ashavuka hatua ambayo dawa ingemsaidia

Babu Takwimu: Kweli dada, ila hata ushahidi mzuri hautoshi peke yake. Lecanemab, dawa nyingine ya Alzheimer, ilikuja na jaribio la watu 1,795 kwa miezi 18, ilipunguza kasi ya kuporomoka kwa pointi 0.45 kwenye kipimo cha kumbukumbu na utendaji chenye pointi 18. Marekani Medicare wanalipa ila daktari lazima aingize taarifa za mgonjwa kwenye rejista. Uingereza Agosti 2024 mamlaka ya dawa waliipitisha na siku hiyohiyo NICE, wanaoamua dawa gani serikali ilipie, wakatoa rasimu ya kuikataa, faida ndogo gharama kubwa

Dokta wa Data: @Mwanafamasia kaeni na watu wa bima kabla hamjafunga protokali (mpango wa jaribio). Mnalinganisha na huduma inayotolewa sasa hivi au na plasebo (kidonge kisicho na dawa) tu? Wazee wenye presha na sukari wamo, au mmechagua wale wazima wazima? Na anaemuuguza mbona hakuna anaepima masaa yake, ile gharama yote imekaa nyumbani

Mwanafamasia: Duh. Sisi kipimo kikuu ni cha damu

Dokta wa Data: Wekeni na cha utendaji wa kila siku, kuvaa, kula, kushika hela. Sasa hivi, maana mkishaanza kuandikisha wagonjwa itakuwa kazi kweli kweli